Bwawa Limejaa, Waya Bado Mwembamba

Katika zama hizi taifa hupimwa pia kwa umeme wake, na kwa mizani hiyo Tanzania imepiga hatua ambayo hapana mwenye insafu awezaye kuibeza. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 26 Julai 2019, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024, na ilipofika Aprili 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikuwa imekamilika. Jumla yake ni megawati 2,115. Mwaka huo huo mahitaji ya juu kabisa ya gridi nzima yalikuwa takribani megawati 1,900. Maana yake ni kwamba mto mmoja, maji yakiwa tele, waweza kutoa umeme mwingi kuliko unaodaiwa na nchi nzima katika saa ya kiu yake kubwa.

Hata hivyo mwananchi wa mkoani analo swali, tena analiuliza kwa haki: ikiwa umeme upo, mbona kwangu unakatika? Mwenye mashine ya kusaga, mwenye kinyozi, muuguzi wa zahanati anayehifadhi chanjo katika jokofu, wote hao wamesikia habari za Rufiji na wote wamefurahi. Lakini taa ikififia saa moja ya jioni, furaha hiyo hugeuka shaka, na shaka isipojibiwa huzaa maneno. Wako wanaonena kwamba umeme unafichwa, na wako wanaonena kwamba bwawa ni hadithi. Yote mawili si kweli. Kweli yenyewe ni ya kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo aghalabu haisemwi: umeme tumeuzalisha, lakini njia ya kuupitisha hadi mlangoni bado haijalingana nao.

Ndugu msomaji, ili tuelewane hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi shida yetu ilikuwa uzalishaji. Tulijenga Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988 na Kihansi mwaka 2000. Kila mara tulipodhani tumefika, mvua ilikataa kunyesha na mgawo wa umeme ukarejea. Watu wazima wanaikumbuka miaka ya 1992, 2006 na 2011, na vijana wanaukumbuka ukame wa mwisho wa mwaka 2022. Katika shule hiyo kali taifa zima lilikariri somo moja tu, kwamba umeme hautoshi. Fikra za viongozi, fedha za hazina na sifa za wahandisi zote zikaelekezwa huko. Hata mradi wa Rufiji wenyewe ni tunda la fikra hiyo, kwani mipango yake ni ya zamani, na shirika la kuliendeleza bonde hilo, RUBADA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Ndipo ulipofika mwezi wa Machi 2024. Mvua zilinyesha kwa wingi, mtambo wa Rufiji ukawa umeanza kazi, na nchi ikasikia jambo ambalo haikupata kulisikia: vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2025, ilitangazwa kwamba Serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walishangaa. Iweje aliyezima mitambo kwa wingi wa umeme aende kununua kwa jirani? Jibu lililotolewa lilikuwa la hesabu. Umeme wa Rufiji hupotea njiani ukienda kaskazini, msongo wake hudhoofika, na hasara ya upotevu huo ikatajwa kuwa takribani shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walibishana sana juu ya heshima ya taifa, lakini wachache walizungumza juu ya waya.

Basi na tuuzungumze waya. Umeme ukipita katika waya, sehemu yake hugeuka joto na kupotea hewani. Mkondo ukiongezwa mara mbili, hasara hiyo haiongezeki mara mbili tu, huongezeka mara nne. Ndiyo maana kwa safari ndefu wahandisi huupandisha msongo: msongo ukiwa maradufu, mkondo hupungua nusu kwa umeme ule ule, na hasara hubaki robo. Kwa sababu hiyo kutoka Rufiji hadi Chalinze, mwendo wa kilometa 160, umejengwa mstari wa kilovolti 400. Lakini safari haiishii Chalinze. Kutoka hapo umeme huingia katika mistari ya zamani yenye msongo mdogo zaidi, iliyopimwa kwa mahitaji ya zama nyingine, na kila hatua hulipa ushuru wake wa joto. Kuna njia kuu nzuri ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilometa 670, na kazi ya kuiunganisha Chalinze na Dodoma kwa msongo huo huo ni ya lazima. Mti wa umeme wa taifa una shina jipya nene. Matawi yake mengi ni yale yale ya jana.

Hapa yafaa tueleze kwa nini nishati jadidifu, yaani ya maji, jua na upepo, huleta mtihani huu kuliko nishati ya mafuta. Jenereta ya dizeli humfuata mtu. Mji ukikua, injini hupelekwa karibu na mji, na waya mfupi watosha. Gesi nayo hubebwa katika bomba: ya Songo Songo ilifika Ubungo mwaka 2004, na ile ya Mtwara ilifika Dar es Salaam mwaka 2015, ikachomwa pale pale penye viwanda na watu. Lakini maporomoko ya maji hayahamishwi, na upepo hauitwi kwa barua. Kila nishati ya namna hii hukaa mahali ilipoumbiwa, na aghalabu mahali hapo pako mbali na soko. Kwa hiyo anayeacha dizeli na kushika maji, jua na upepo huacha gharama ya mafuta na kuchukua dhima ya waya. Asiyeijua dhima hiyo mapema atalipa baadaye, tena kwa riba.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulilipia somo hili. Karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini mstari wa kilometa zaidi ya 400 wa kuupeleka umeme huo Suswa haukuwa tayari. Mjenzi wake, kampuni ya Kihispania, alifilisika kabla ya kumaliza kazi. Upepo ulivuma mwaka mzima na zaidi, mitambo ikasimama, na Serikali ya Kenya ikalazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Mstari ulipokamilika Septemba 2018 umeme ukaanza kutiririka, na leo mradi ule ni sehemu muhimu ya gridi ya Kenya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtambo na njia yake ni mambo mawili tofauti.

Somo la pili la Turkana lilikuja usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Umeme ulizimika karibu Kenya nzima, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaguswa na giza. Shirika la umeme lilitaja kuondoka ghafula kwa umeme wa upepo wa Turkana, nao wenye mitambo wakasema kwamba mitambo yao ilijizima kwa sababu msongo katika gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi. Hatuna haja ya kuwa kadhi kati yao. La muhimu kwetu ni kuelewa kwamba umeme ni bidhaa isiyongoja. Kila dakika na kila sekunde, kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kiasi kinachotumika. Mizani hiyo ikiyumba, mitambo hujikinga kwa kujitoa, na kila mmoja anayejitoa huwazidishia mzigo waliobaki. Gridi yenye njia moja tu ya kufika mahali, ikikatika hapo, haina njia ya kuzunguka.

Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kisiwa chao kilipata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Hitilafu ilipotokea Mei 2008 walikaa gizani karibu mwezi mmoja, na ilipotokea tena Desemba 2009 walikaa gizani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Visima vilishindwa kupandisha maji, hoteli zikaunguruma kwa jenereta, na mchuuzi wa samaki akatafuta barafu kwa bei ya dhahabu. Katika kipindi hicho bara haikuwa imekosa kabisa umeme wa kuwapelekea. Kilichokosekana kilikuwa njia. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013.

Sasa tushuke kutoka njia kuu hadi mtandao wa usambazaji mikoani, kwani huko ndiko mwananchi anakokutana na umeme uso kwa uso. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimesambaa kwa kasi kubwa. Vijiji 12,318 vya bara vimefikiwa, na kazi imehamia katika vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Ada ya kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000, kiasi ambacho mkulima aweza kukipata. Haya ni mafanikio, na ayabezaye hajawahi kumwona mwanafunzi akisomea moshi wa kibatari.

Lakini kila kitongoji kinachoongezwa huongezwa kwenye mkia wa mstari ule ule. Mstari wa kilovolti 33 uliokusudiwa kufika mji mdogo mmoja sasa hupita mji huo, huingia tarafa ya pili, hupanda mlima na kuishia kijiji kilicho mbali kabisa na kituo cha kupoza umeme. Aliye karibu na kituo hupata umeme wenye nguvu, aliye mkiani hupata masalia. Transfoma iliyopimiwa nyumba hamsini ikibebeshwa nyumba mia, siku moja itaungua, na siku hiyo itakuwa usiku wa sikukuu au wa mechi, kwani ndipo kila mtu anapowasha. Nguzo moja ikianguka katikati ya mstari kama huo, wote walio mbele yake hukaa gizani, kwa kuwa hakuna mstari wa pili wa kuwapelekea umeme kutoka upande mwingine. Bwawa lingekuwa na mitambo tisini badala ya tisa, hali ya watu hao isingebadilika.

Juu ya mzigo huo sasa jua nalo linabisha hodi. Kishapu, mkoani Shinyanga, mkataba wa mtambo mkubwa wa umemejua ulitiwa saini mwaka 2023, awamu ya kwanza megawati 50 kati ya 150 zilizokusudiwa. Maduka, shule na nyumba za watu binafsi wanaweka paneli zao juu ya mapaa. Hili ni jambo jema, lakini lina tabia zake. Jua hutoa umeme mwingi adhuhuri, wakati watu wengi wako shambani, na hutua jioni, wakati kila nyumba inawasha taa na kila mama anapika. Mtandao wetu wa usambazaji ulibuniwa kwa umeme wa kwenda upande mmoja, kutoka kituoni kwenda kwa mteja. Mteja akianza kuurudisha umeme mtandaoni, msongo wa mkiani uliokuwa ukidhoofika jioni huweza kupanda kupita kiasi mchana, na vifaa vya kukinga mstari, vilivyowekwa kwa kudhani umeme hutoka upande mmoja, huweza kukosea hesabu. La hatari zaidi ni fundi aliyepanda nguzo akiamini mstari umezimwa kituoni, kumbe upande wa pili kuna paneli inayousukuma umeme. Kwa hiyo mitambo hiyo lazima iwe na vifaa vya kujikata yenyewe mara tu gridi inapozimika.

Wako watakaosema: ikiwa waya ni tatizo, basi kila kijiji kijitegemee kwa mtambo wake mdogo, tuachane na gridi. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kwa visiwa na vijiji vilivyo mbali mno, mtambo mdogo wa kijiji ndio njia ya busara. Lakini mwenye mashine ya kukamua alizeti, mwenye kiwanda cha mbao na hospitali ya wilaya wanahitaji umeme usiohesabu saa za jua. Mfano wa kufuatwa uko Mufindi, ambako mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4, uliofunguliwa mwaka 2012, huuza umeme kwa TANESCO na pia kuusambaza katika vijiji vya jirani, na mwaka 2020 ukaongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4. Upepo husaidia pale maji ya kiangazi yanapopungua. Huo ni umeme uliozaliwa karibu na anayeutumia, nao bado umeshikana mkono na gridi.

Kutokana na mfano huo twapata kanuni kubwa zaidi. Maji na jua si washindani, ni washirika. Adhuhuri jua linapotoa kwa wingi, bwawa laweza kufunga milango yake na kuweka akiba; jioni jua linapotua, bwawa hufungua. Kwa namna hii bwawa la Rufiji, lenye nafasi ya zaidi ya mita bilioni 30 za ujazo wa maji, lageuka ghala la taifa, na kila siku ya jua la Kishapu yaweza kutuachia maji ya kutumia katika mwaka wa ukame. Sisi tulioonja mgawo wa mwaka 2006 na 2011 twajua thamani ya akiba hiyo. Lakini mabadilishano haya hupita katika waya. Waya ukiwa mwembamba, jua la Shinyanga litabaki Shinyanga na maji ya Rufiji yatabaki Rufiji.

Tukirudi kwenye suala la Ethiopia, sisi twaona kwamba kununua umeme kaskazini na kuuza kusini si fedheha. Mstari kutoka Ethiopia hadi Suswa ulianza kazi Novemba 2022, na ule wa Isinya hadi Singida, kilometa zaidi ya 500, ulianza kazi Desemba 2024. Njia hiyo ina pande mbili: iletayo leo yaweza kupeleka kesho. Mataifa jirani kubadilishana umeme ni sehemu ya umoja tunaouhubiri. Sharti letu ni moja tu. Umeme wa jirani usiwe kisingizio cha kuacha waya wa ndani uendelee kuchakaa. Shilingi bilioni 32 zikipotea mwaka hadi mwaka ni fedha za wananchi, na wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Nayo fedha itatoka wapi? Swali hili ni la haki. Bwawa liligharimu shilingi trilioni 6.5, na nchi iliweza. Iliweza kwa sababu iliamua, na iliamua kwa sababu bwawa huonekana. Hakuna anayekata utepe mbele ya transfoma, wala hakuna wimbo unaotungwa kwa ajili ya nguzo iliyobadilishwa kabla haijaoza. Katika kazi ya umeme matengenezo ni yatima. Mpango wa Gridi Imara uliibuliwa kwa kutambua upungufu huu, na yafaa upewe uzito ule ule uliopewa Rufiji. Takribani sehemu moja kati ya saba ya umeme wetu, kwa hesabu za miaka ya karibuni, hupotea kabla ya kufika kwa mteja. Kuipunguza hasara hiyo ni sawa na kujenga mtambo mpya bila kuzuia mto wowote.

Mambo manne yapasa yafanywe kwa pamoja. Kwanza, kila mradi mpya wa maji, jua au upepo usitiwe saini bila fedha na tarehe ya njia yake, tusije tukarudia ya Turkana. Pili, kila mkoa uwe na njia ya pili ya kupokea umeme, na mistari mirefu ya kilovolti 33 ikatwe vipande kwa vituo vipya vya kupoza umeme, ili aliye mkiani naye apate haki yake. Tatu, mafundi wa wilaya wapewe magari, vipuri na mafunzo ya mtandao huu mpya wenye umeme wa pande mbili, kwani fundi asiye na ngazi hawezi kulaumiwa kwa giza. Nne, na hili halihitaji fedha nyingi, wananchi waambiwe ukweli kwa takwimu.

Juu ya hilo la nne tunasisitiza. Madiwani wetu hukutana kila robo mwaka na kupokea taarifa za barabara, za shule na za zahanati. Taarifa ya umeme wanayopewa aghalabu ni idadi ya vijiji vilivyofikiwa. Idadi hiyo peke yake haitoshi tena. Waelezwe pia ni saa ngapi umeme ulikatika katika kila kata, ni transfoma ngapi zimezidiwa, msongo wa mkiani ni kiasi gani saa mbili usiku, na ni lini kila upungufu utarekebishwa. Diwani akiwa na karatasi hiyo mkononi atajua la kudai, mhandisi atajua la kujibia, na yule mwenye mashine ya kusaga atajua kama angoje au anunue jenereta. Tunaviomba vikao vya robo ijayo vianze kuidai.